Uzi: Kuanza Morrowind na laptopu ya kawaida. Waliokwama Seyda Neen tukutane hapa

#1 FundiKondele (Kisumu)

Wasee, salamu kwenu.

Natengeneza kompyuta hapa Kondele. Vijana wanaoniletea laptopu za eksi-UK huuliza swali lilelile: "Fundi, kuna gemu ya maana hii mashine itabeba?" Jibu langu ni Morrowind. Baadaye mtu anarudi amenuna: "Nachoma panya kisu, kisu kinampitia, panya hafi. Gemu imeharibika." Haijaharibika. Nimefungua uzi huu niwe nawatumia linki, maana mdomo umechoka.

Kwa asiyeijua: The Elder Scrolls III: Morrowind ilitoka Mei 2002, kazi ya Bethesda ya Marekani. Oblivion (2006) na Skyrim (2011) ni wadogo zake. Iliongezewa Tribunal mwaka huohuo wa 2002, kisha Bloodmoon mwaka 2003, na ukiinunua leo unapewa zote tatu pamoja. Sanduku la wakati ule lilidai prosesa ya 500 MHz, RAM ya 128 MB (256 kwa mwenye Windows XP), kadi ya picha ya 32 MB na nafasi ya giga moja. Mashine yako, hata iwe imechoka namna gani, imepita hapo zamani. Shida ya Morrowind ni saa ya kwanza.

Kuipata: iko kwenye maduka ya gemu ya mtandaoni, Steam na GOG. Mimi napendekeza ya GOG kwa sababu haina kufuli. Unapakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, na huhitaji intaneti tena. Mtu wa bando anaelewa uzito wa hilo. Kulipa, tengeneza kadi pepe ya Visa ndani ya M-Pesa. Kama huna haraka ngojea msimu wa punguzo.

Sasa twende. Unaamka ukiwa mfungwa melini, jamaa mmoja mwenye kovu usoni anakuuliza jina. Unashushwa Seyda Neen, kijiji cha kinamasi kwenye kisiwa cha Vvardenfell. Ndani ya ofisi ya sensa na ushuru mzee mmoja anakuuliza wewe ni mtu wa kazi gani. Jibu unalompa huyo mzee ndilo litakaloamua kama utamuua panya au panya atakuua wewe.

Gemu ina makabila 10, nyota 13 za kuzaliwa na stadi 27. Kati ya hizo 27 unachagua tano ziwe kuu na tano za pili. 17 zinabaki nyuma. Kuu zinaanza na 30, za pili 15, zilizobaki 5. Kabila lako linaongeza kitu juu yake, na upande uliouegemea (vita, uchawi au ujanja) unaongeza 5 kwa kila stadi ya upande huo.

Ukirusha pigo, mashine inapiga kura kimyakimya. Inachukua stadi ya silaha uliyoshika, inaongeza Agility (wepesi) iliyogawanywa kwa 5, inaongeza Luck (bahati) iliyogawanywa kwa 10. Jumla hiyo inazidishwa kulingana na Fatigue (pumzi), ule mstari wa kijani chini ya skrini: ukiwa umejaa ni mara 1.25, ukiwa umeisha ni mara 0.75. Halafu uwezo wa adui kukwepa unatolewa. Kinachobaki ndiyo asilimia ya kumpata.

Tuweke mfano. Umechagua kabila la Redguard, upande wa vita, Long Blade (panga ndefu) ikiwa stadi kuu. Hapo Long Blade ni 30, na 15 za kabila, na 5 za upande: 50. Tuseme Agility 40 na Luck 40. Ukiwa na pumzi kamili: 50 + 8 + 4 = 62, mara 1.25, unapata 77.5. Pumzi ikiisha, 46.5. Si mbaya.

Lakini pale ofisini mezani kuna kisu. Kila mtu anakichukua, na ni sawa kukichukua. Sasa kisu ni Short Blade, stadi nyingine kabisa, na iko upande wa ujanja. Redguard huyuhuyu ana 10 tu ya Short Blade. Hesabu: 10 + 8 + 4 = 22, ukiwa umejaa pumzi 27.5, ukiwa umeishiwa 16.5. Na hapo bado hatujatoa ya panya kukwepa! Mtu ametoka mbio kutoka ofisini hadi kinamasini, mstari wa kijani umeisha, ameshika silaha asiyoijua, halafu anasema gemu imeharibika.

Kwa hivyo:

Chagua silaha moja, iwe stadi kuu, na uchague kabila linaloipenda. Ukipewa zile pesa 87 za kuanzia, nenda dukani kwa Arrille ukanunue silaha ya aina hiyo hata ikiwa ya chuma duni. Usifike vitani ukikimbia: bonyeza Caps Lock utembee, pumzi irudi, ndipo uanze. Shikilia kitufe cha mausi hadi mkono urudi nyuma kabisa kabla ya kuachia, maana pigo la kudokoa halina nguvu. Na kwenye mipangilio washa "Always use best attack", la sivyo aina ya pigo itafuata upande unaosogea, na hilo mgeni halihitaji.

Kitu cha mwisho kabla sijarudi kazini. Ukitoka chumba cha kwanza cha ile ofisi unapita uani kabla ya kuingia cha pili. Hapo uani kuna pipa. Lifungue. Ndani kuna pete. Nje utakutana na mtu mfupi mwenye wasiwasi, Fargoth, anayelalamika ameibiwa pete. Mrudishie. Yeye na Arrille ni marafiki, na Arrille akikupenda bei zake zinalegea.

Maswali wekeni hapa.

#2 NjoroUsiku (Njoro, Nakuru)

Fundi, asante, lakini mimi upanga sitaki. Nataka mchawi. Nimemweka kabila la High Elf, nyota ya Atronach kwa sababu wanasema inatoa magicka (nguvu za uchawi) nyingi kuliko zote. Sasa ikiisha nalala, naamka, bado sifuri. Nalala tena, sifuri. Na hata ilipokuwepo, nusu ya moto nilioujaribu ulizimika mkononi na magicka ikaenda nayo. Nimefanya nini?

#3 FundiKondele (Kisumu)

@NjoroUsiku hujafanya kitu, umechagua nyota ya watu wanaoijua gemu. Aliyezaliwa chini ya Atronach harudishiwi magicka kwa kulala. Ananyonya uchawi anaorushiwa na maadui, au anakunywa dawa. Mchezaji mzoefu anatamba nayo. Wewe uko Seyda Neen na huna hata dawa moja.

Tena High Elf anaumizwa na moto na uchawi kuliko wengine. Magicka unayo, ngozi huna.

Anza upya, bado ni mapema. Chukua kabila la Breton: uchawi anaorushiwa unampata nusu. Mpe nyota ya Apprentice, inayoongeza magicka lakini inamfanya mtu awe dhaifu mbele ya uchawi kwa asilimia 50. Ile nusu ya Breton inafuta huo udhaifu. Umepata faida, gharama imefutwa, na magicka inarudi ukilala kama ya watu wengine.

Kuhusu moto kuzimika: uchawi nao unapigiwa kura, na ule mstari wa kijani unahusika pia. Ukikimbia kisha urushe, utashindwa. Uchawi wa gharama kubwa una nafasi ndogo ya kufaulu, kwa hivyo anza na wa bei rahisi. Ukifika kwenye chama cha wachawi, Mages Guild, watakuuzia, na kuna wanaokutengenezea wa kwako: moto mdogo, wa mguso, gharama kidogo. Rusha huo mara nyingi, stadi ipande, ndipo uende kwa mikubwa.

Na kwa kuwa ni mchawi, kabla hujaondoka Seyda Neen chuma uyoga. Kuna aina nne pale pwani: Luminous Russula, Violet Coprinus, Bungler's Bane na Hypha Facia. Chukua hata mbilimbili. Ukijiunga na Mages Guild ya mji wa Balmora, paka mmoja anaitwa Ajira (ndiyo, jina lake ni Ajira, na ndiye anayekupa kazi, nimecheka vya kutosha) atakuagiza uyoga huohuo. Unautoa mfukoni palepale.

#4 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Fundi, hesabu zako sina ubishi nazo. Ninachopinga ni kuanzia hapo. Mtu akija kwenye gemu hii na kikokotoo ataiacha akiwa hajaionja.

Kinachowatoa watu, kwa jinsi ninavyowaona vijana wa hapa karibu na chuo, ni kwamba wamezoea mshale. Skyrim inakuwekea alama juu ya kichwa cha mtu unayemtafuta, unaifuata kama ng'ombe. Morrowind haina. Unaambiwa kwa maneno: toka mjini kwa lango la kaskazini, fuata mto, ukivuka daraja la pili pinda kulia, pango liko nyuma ya jiwe. Na anayekuelekeza wakati mwingine hana hakika naye!

Sasa jamani, sisi watu wa huku tunashindwa na hilo kweli? Ni vile unavyoelekezwa boma la mtu siku ya matanga: shuka penye posho mill, fuata barabara ya miwa mpaka mti mkubwa wa mvule, hapo uliza kwa mama anayeuza mandazi. Hakuna namba ya nyumba, na watu mia tatu wanafika.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kusoma na kuuliza. Ukizungumza na mtu, upande wa kulia kuna orodha ya maneno. Bonyeza "latest rumors". Bonyeza "little advice" na "little secret". Ukipotea, "specific place" na "someone in particular" zitakuonyesha njia, hata askari wa barabarani atakujibu. Kila ulichoambiwa kinaandikwa kwenye daftari lako, na humo maneno yanayong'aa unaweza kuyafuata.

Jambo moja la pembeni, mnivumilie, mimi ni mtu wa historia. Angalieni ofisi ya kwanza mnayoingia. Himaya imekuja kwenye kisiwa cha watu, na jengo la kwanza unaloliona ni la kuandikisha watu na kutoza ushuru. Wenyeji wana koo zao kubwa, wana dini yao, na hawakupendi kwa sababu umekuja kwa meli ya serikali. Utaitwa mgeni hadi uchoke. Hata maiti ya kwanza ambayo wengi huipata nje kidogo ya kijiji ni ya mtoza kodi, Processus Vitellius, mfukoni ana 200 za kodi. Babu zetu waliolipishwa kodi ya kibanda wasingehitaji kuelezwa kwa nini aliuawa.

(Zile 200 ukizirudisha ofisini utapewa kazi ya kumtafuta muuaji, na malipo yake ni 500. Ukizila, umezila. Gemu haikusemi.)

#5 Kibuye_Jumapili (Kisumu)

Mwalimu umeongea kama mwalimu 😂 Watu mia tatu wanafika kwa sababu wanasikia spika za matanga kutoka barabarani.

Lakini ni kweli. Nilimwonyesha binamu yangu wa Nyalenda, akauliza "alama iko wapi?" Nikamwambia soma. Akaangalia skrini kama imemtukana.

#6 Section58 (Nakuru)

Habari zenu. Mimi sijafika mbali. Niko level 2, nimelala palepale Seyda Neen, usiku nimeamshwa na mtu aliyevaa nyeusi tupu ananichinja. Nikarudia seivu, nikalala, akaja mwingine. Sijamkosea mtu yeyote! Nimemrudishia hata Fargoth pete yake. Hii ni sehemu ya hadithi ama ni nini?

#7 FundiKondele (Kisumu)

@Section58 pole dada. Hiyo ni Tribunal. Zamani mtu alicheza gemu yenyewe kwanza, akawa jabali, ndipo akanunua nyongeza na wauaji wakaja. Siku hizi zote zimefungwa pamoja, kwa hivyo wauaji wa Dark Brotherhood wanaanza kukufuata ukiwa bado huna viatu. Ni upangaji mbaya, na sioni aibu kusema hivyo kuhusu gemu ninayoipenda.

Una njia tatu. Kuna modi ndogo (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) zinazowachelewesha hadi uwe level ya juu. Ukiweza kuweka modi, weka hiyo bila kusita. La sivyo, ukiona askari anayezungukazunguka, mweleze umeshambuliwa. Utaelekezwa kwa Apelles Matius kule Ebonheart, na hadithi hiyo inaendelea hadi jiji la Mournhold. Usiende sasa hivi, utakufa. Njia ya tatu ni kuwaua.

Naisema ya tatu kwa uzito. Seivu kabla ya kulala, amka, mrushie chochote ulicho nacho. Akianguka, mvue. Zile nguo nyeusi ni deraya nyepesi nzuri kuliko chochote utakachokiona kwa muda mrefu, na seti moja ina thamani ambayo Arrille hana pesa za kuinunua. Vaa moja. Ya pili iuze.

#8 Kibuye_Jumapili (Kisumu)

Na ya kuuza pia mwambie, usimfiche dada wa watu. Mji wa Caldera, nyumba ya maorki inaitwa Ghorak Manor, ndani yake kuna shetani mdogo anaitwa Creeper. Ana 5000 na ananunua kwa bei kamili, hapunguzi hata senti. Ukimaliza pesa zake, ngojea siku moja, zinarudi.

#9 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Hapo ndipo mnapoharibu watoto. Mtu yuko siku ya kwanza mnampeleka kwa Creeper. Atanunua kila kitu, halafu atakuja kusema gemu ni rahisi, haina ladha.

#10 Kibuye_Jumapili (Kisumu)

Mwalimu, mtu anachinjwa kila akifunga macho, wewe unazungumzia ladha?

#11 Section58 (Nakuru)

Nimemuua 🙌 Nilisimama mlangoni nikamrushia kila kitu, pumzi ikiwa imejaa kama Fundi alivyosema. Nimevaa nyeusi. Creeper nitamwendea, Mwalimu anisamehe.

Swali lingine. Watu wanasema nikipanda level nihesabu zile alama za x2, x5. Ni lazima?

#12 FundiKondele (Kisumu)

@Section58 hongera!

Si lazima. Ila elewa inavyofanya kazi. Ukipandisha stadi kuu au za pili mara kumi kwa jumla, unaambiwa upumzike ukatafakari. Ukiamka unachagua sifa tatu za kuongeza, kama vile Agility. Zile namba zinatokana na stadi ulizotumia: sifa ambayo stadi zake zimepanda mara kumi inapata x5, ambayo stadi zake hazikuguswa inapata moja tu. Kuna watu wanacheza na daftari la pembeni ili wapate x5 tatu kila mara. Ni maisha yao.

Mimi naangalia moja tu: Endurance (ustahimilivu). Kila ukipanda level, afya yako inaongezeka kwa sehemu ya kumi ya Endurance uliyo nayo wakati huo. Ukiipandisha mwishoni, hutalipwa zile za nyuma. Kwa hivyo level za mwanzo chagua Endurance kila mara, zingine fuata moyo.

Na pesa ya Creeper usinunulie panga linalong'aa. Nunulia mafunzo. Skyrim inakuruhusu mafunzo matano kwa kila level. Huku hakuna kikomo hicho, ni pesa yako tu, ujuzi wa mwalimu mwenyewe, na sifa inayosimamia stadi hiyo. Ingia chama cha wapiganaji, Fighters Guild, cha Balmora, jiunge, lipa. Stadi ya 50 ikifika 65 unaisikia mkononi: mapigo yaliyokuwa yanapita hewani yanaanza kugonga nyama.

#13 BinamuWebuye (Bungoma)

Mimi ni msomaji wa kimya wa uzi huu, leo nimelazimika. Nina kompyuta ya mezani, kadi ya picha ni ile ya Intel iliyo ndani ya ubao. Gemu inafunguka ila inakwamakwama, na ikifika mji mkubwa inajifunga yenyewe. Pili, stima huku inapotea bila hodi. Jana nilikuwa nimetoka pangoni na mali, giza. Kurudi, niko kule nilikoanzia asubuhi.

#14 FundiKondele (Kisumu)

@BinamuWebuye la kwanza dawa yake ni OpenMW. Ni injini mpya iliyoandikwa na watu wa kujitolea, ya bure na msimbo wake uko wazi. Haiji na gemu. Lazima uwe na mafaili ya Morrowind yako halali, unaielekeza kwenye folda yalipo, inayasoma. Inaenda kwenye Windows, Linux na Mac, na kuna walioipeleka hadi kwenye simu za Android. Kujifunga kwa ile ya zamani kunapungua sana. Ukiona bado ni nzito, punguza umbali wa kuona. Vvardenfell ya 2002 ilijaa ukungu, hakuna atakayekushangaa.

La pili ni tabia. F5 inaseivu haraka, F9 inarudisha. Lakini usitegemee F5 pekee, maana inaandika juu ya ile ya awali, na stima ikipotea wakati inaandika, faili inaweza kuharibika ukakosa zote mbili. Kila ukiingia mji mpya fungua menyu, tengeneza seivu yenye jina lake. UPS ndogo ya mtumba hata ya dakika tano inatosha kuseivu na kuzima. Betri yake ipime kabla ya kulipa, wapelekee wauzaji mashine uipime ikibeba mzigo, usikubali taa ya kijani pekee.

Seivu za zamani zina faida nyingine. Morrowind inakuruhusu kumuua mtu yeyote, hata ambaye hadithi nzima inamtegemea. Ukifanya hivyo linatokea tangazo kwamba uzi wa unabii umekatika, rudi kwenye seivu au uendelee ndani ya dunia uliyoiharibu. Ukilifunga hilo tangazo bila kusoma, shauri yako.

#15 NjoroUsiku (Njoro, Nakuru)

Breton anaenda vizuri sana. Ajira nimempa uyoga wake, akashangaa.

Ila kuna kitu kimenitokea nje ya Seyda Neen, njia ya kwenda Balmora. Natembea, nasikia mtu anapiga kelele juu. JUU. Nikainua macho, mtu anaanguka kutoka mbinguni, akapiga chini mbele yangu, puu. Amekufa. Ana daftari na karatasi tatu. Zinafanya nini? Naogopa kuzigusa.

#16 Kibuye_Jumapili (Kisumu)

😂😂😂 Omera, umekutana na Tarhiel.

Hizo karatasi zinakuongezea Acrobatics (stadi ya kuruka) 1000 kwa sekunde 7. Soma moja, ruka, utaenda juu mpaka kijiji kiwe kidogo kama sahani. Shida ni kwamba sekunde 7 zinaisha ukiwa bado hewani, na hilo ndilo lililomuua yeye. Siri: unazo tatu. Ya kwanza ya kuruka. Ukikaribia ardhi, soma ya pili kabla hujagusa, utatua kama njiwa. Ya tatu weka.

#17 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Na kabla ya kuruka, SEIVU. Kisha uelekee upande wa kaskazini, siyo baharini.

Daftari lake lisome pia. Marehemu alijiamini sana.

#18 NjoroUsiku (Njoro, Nakuru)

Nimeruka. Nimevuka mlima, nimetua kwenye vumbi jekundu mahali ambapo kila kitu kinataka kuniua, pamoja na ndege wenye mkia mrefu wasiochoka. Nimerudi kwenye seivu. Ilikuwa tamu lakini.

Hao ndege wanaisha lini?

#19 FundiKondele (Kisumu)

Cliff racer? Hawaishi. Kaa na silaha mkononi, subiri ashuke, mpige. Usimkimbie, pumzi itaisha na yeye bado yuko juu.

Na ukitaka kufika Balmora panda ule mdudu mrefu wa usafiri, silt strider, yuko ukingoni mwa Seyda Neen. Kutoka Seyda Neen anakwenda Balmora, Vivec, Suran na Gnisis. Ukishakuwa ndani ya Mages Guild, unalipa kidogo unarushwa kutoka tawi hadi tawi. Kutembea kwa miguu ni kuzuri, ila si kila siku.

#20 BinamuWebuye (Bungoma)

OpenMW imekubali! Haijajifunga hata mara moja tangu jana. Sasa niko kwenye magofu ya Arkngthand, nimetumwa kisanduku cha Dwemer, wale watu wa kale. Nimepekua pango lote. Nimeua kila mtu. Kisanduku hakipo.

#21 Section58 (Nakuru)

@BinamuWebuye kipo, ni kidogo kuliko unavyodhani. Mimi nilitafuta sanduku la kubeba kwa mikono miwili. Ni kijimchemraba, rangi ileile ya vyombo vyote vya shaba vya mle ndani, kiko kwenye rafu. Usiende ndani sana. Rudi vyumba vya mwanzo, chunguza rafu moja moja ukisoma majina.

#22 BinamuWebuye (Bungoma)

Kiko mfukoni. Nilikipita nikienda na nikirudi. Dada, Mungu akubariki.

#23 Nyali_ya_Dunga (Kisumu)

Wazee, mimi ndiyo naingia. Nimesoma uzi wote kabla ya kuanza, nimechukua Redguard na upanga. Kule Seyda Neen nilipewa kifurushi nimpelekee Caius Cosades, Balmora. Nimeuliza kwenye baa ya South Wall kama daftari linavyosema, nimepanda ngazi za mtaa wa juu, nimefungua nyumba. Ndani kuna mzee hana shati, amesimama kando ya kitanda, chumba kina vifaa vya kuvutia sukari yao ile ya mwezi, dawa ya kulevya ya huko. Ndiye ama nimeingia nyumba ya mtu?

#24 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Ndiye. Huyo ndiye mkuu wa majasusi wa Kaizari pale kisiwani.

#25 FundiKondele (Kisumu)

Mpe kifurushi, akuagize, pokea pesa 200 anazokupa. Halafu mwenyewe atakwambia uende kwanza ukajiunge na chama upate ujuzi. Mfuate. Fighters Guild watakutuma kwa mama mmoja hapo Balmora mwenye panya ndani ya nyumba. Shika upanga, jaza pumzi, uje utuambie.